Wapangaji Waliuliza Wezi, Nikawaonyesha Renatus

Nimekosa, wenzangu. Sijui hata nilianzeje hili. Kuna kijana amezikwa kwao Ulyankulu, na aliyemfikisha kaburini ni mimi, mwanamke mtu mzima, mwenye wajukuu, ninayeswali swala tano. Siku ile sikushika jiwe wala fimbo. Nilitumia mdomo tu.

Jina langu siliandiki. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Lakini mambo yenyewe ni kama yalivyokuwa, wallahi, hata yale ambayo watoto wangu wa kuwazaa hawayajui.

Mimi ni mtu wa Tabora mjini, kwetu tupo hapa tangu babu wa babu. Marehemu mume wangu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Kabla hajafa alianza kujenga Itetemia, kule ambako zamani yalikuwa mashamba ya mihogo na sasa kila mtu anapandisha ukuta. Alitaka apatimenti nne kwenye jengo moja, kila moja na jiko lake na choo chake ndani, na pembeni kinyumba kidogo cha kuzeekea sisi wawili. Akafa kabla ya kupaua. Nikamalizia kwa mkopo, nikahamia kwenye kile kinyumba peke yangu, nikakaa kungoja wapangaji.

Walikuja! Walimu, watu wa ofisini, mafundi wa reli. Wanafungua bomba, wanagonga milango, wanasifu vigae. Halafu mtu akishasimama kutaka kuondoka anageuka: "Mama, na usalama vipi huku?"

Mwanzoni nilisema kweli. Nilisema vibaka wapo. Kwa jirani walikata wavu wa dirisha wakavuta televisheni, kwa mzee wa nyumba ya nyuma walibeba kuku wote na baiskeli juu.

"Mnh. Basi tutakupigia, mama."

Hakuna aliyepiga.

Nikageuza, nikawa nasema wizi hakuna kabisa. Nako nikaumbuka! Mmoja alitoka kwangu akasimama pale kwenye chipsi barabarani, akauliza, akaambiwa yote. Alinipigia simu kunisema: "Mtu mzima kama wewe, mama, unadanganya kweupe?" Nilikata simu uso unawaka.

Nyumba zikakaa tupu. Vumbi likaingia kwenye makabati mapya. Watu wa mkopo wakaanza kunipigia kwa sauti ile ya upole inayotisha kuliko matusi.

Ndipo akaja Sekela.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kahamishwa kutoka Mbeya, mtoto wa kiume kamweka ubavuni. Mume wake alikuwa na wajenzi wa reli, leo kambi hii, kesho kambi ile, nyumbani anaonekana kwa nadra. Nyumba ilimpendeza, niliona machoni. Akafika mlangoni, akauliza swali lao.

"Mimi nitakuwa peke yangu na huyu mtoto, mama. Niambie ukweli. Wezi wapo?"

Wakati ananiuliza, Renatus akapita barabarani.

Renatus alikuwa kijana wa miaka kama thelathini hivi, mpole, mrefu, kazaliwa Ulyankulu. Wazazi wake walikuja zamani kutoka Burundi, wakimbizi. Alikuwa analinda pagala lililokuwa mkabala na geti langu, nyumba ya tajiri mmoja wa Dar aliyesimamisha ujenzi. Analala humohumo, kwenye chumba kimoja alichoezeka kwa mabati chakavu. Mchana anazungusha asali kwa baiskeli, kwenye chupa za maji. Siku ile alipita na chupa zake zinagongana nyuma, akaninyooshea mkono wa salamu.

Nikampungia. Halafu nikamgeukia Sekela, nikashusha sauti.

"Mwanangu, sitakuficha. Wizi ulikuwepo. Lakini mwizi mwenyewe tunamjua. Umemwona huyo aliyepita na baiskeli? Ndiye. Mrundi mmoja huyo, analala kwenye pagala hapo. Mtaa mzima umeshamshtukia, siku hizi hagusi kitu."

"Mbona hamjampeleka polisi?"

"Ushahidi, mwanangu. Ila macho yetu yako kwake."

Sekela alishusha pumzi. Niliona kabisa mabega yake yanashuka. "Afadhali," akasema. "Bora mwizi unayemjua sura."

Kesho yake akahamia.

Ningependa kuwaambia kwamba shetani alinipitia, neno likanitoka. Hapana! Nililipima. Mimi nilikuwa na wasiwasi na vijana wawili wa nyumba kubwa ya pale kona, watoto wa mzee mwenye heshima zake. Lakini ningethubutu kuwataja? Jioni ileile baba yao angekuwa mlangoni kwangu na wazee wenzake. Renatus hakuwa na baba pale mtaani. Hakuwa na mjomba, hakuwa na mke, hata Kiswahili chake kilikuwa cha kuchekwa, kulala anaita kurara. Nilimchagua kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuja kuniuliza.

Na ilifanya kazi, astaghfirullah! Aliyefuata nikamwambia hivyohivyo. Na aliyefuata tena. Mtu akisikia kuna wezi anaogopa kila kitu. Akionyeshwa mmoja, anatulia. Anaona hofu yake ina miguu miwili na baiskeli, anaweza kuiangalia dirishani. Apatimenti zote nne zikajaa.

Maneno nayo yakaota mbawa. Siku moja mpangaji wa apatimenti ya tatu, jamaa mmoja wa vipuri vya pikipiki, akaja kunihadithia mimi, eti kasikia Renatus aliwahi kufungwa Urambo kwa kuvunja duka. Mimi ndiye niliyemzaa huyo mwizi, na sasa ananirudia akiwa mkubwa kuliko nilivyomzaa! Ningeweza kukanusha pale. Nikasema, "Ndiyo hivyohivyo, baba."

Huku Renatus mwenyewe kila asubuhi: "Shikamoo mama."

"Marahaba baba, umeamkaje?"

Nilipokohoa msimu wa baridi aliniletea chupa ya asali, akakataa malipo. Siku nyingine alisimama getini, kofia mkononi, akaniuliza, "Mama, hawa wapangaji wako nimewakosea nini? Nawasarimia hawaitiki. Yure mwarimu akiniona anamvuta mtoto."

Nilimtazama usoni. Nikasema, "Watu wa kuja hao, wana maringo. Usiwajali."

Akacheka, akaenda zake.

Na jambo jingine niliungame hapahapa. Komeo la geti langu lilikuwa bovu. Upepo tu ulikuwa unalifungua. Sekela aliniambia mara ngapi! "Mama, lile geti, mtoto anajifunza kutoka." Namjibu kesho fundi anakuja. Fundi sikumwita. Wapangaji walitaka usalama, na badala ya komeo niliwapa Renatus.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mvua za mwisho zimekwisha juzijuzi, mashimo waliyochimba watu kufyatua tofali nyuma ya mapagala bado yamejaa maji. Nimekaa barazani kwangu, naiona barabara, nachagua choroko, nimeinyoosha miguu, raha zangu. Sekela alikuwa upande wa nyuma anafua.

Nikamwona Renatus anakuja, kambeba mtoto wa Sekela begani. Suruali yake imelowa hadi magotini. Mtoto kaloa pia, lakini anacheka, kamshika Renatus masikio.

"Mama," akaniita toka barabarani, "huyu si mtoto wa hapo kwako? Nimemkuta kwenye shimo ra maji kure!"

"Ah! Ndiye, wa mwalimu. Kapitaje huyo jamani!"

"Nimrete kwako?"

Sikutaka kuinuka. Choroko zilikuwa mapajani, ungo umejaa. Ndiyo sababu yenyewe, hakuna nyingine.

"Mpeleke tu mwenyewe," nikasema. "Mama yake yuko nyuma anafua, ingia getini umwite."

Akaingia.

Kilichofuata ni ukelele. Sijawahi kusikia mtu akipiga ukelele ule, na ninausikia mpaka leo. "Mwiziii! Anaiba mtoto! Jamani mwanangu! Mwiziii!"

Mniambie, Sekela angefanyaje? Kainua kichwa kwenye beseni, mtoto hayupo, anakimbilia mbele, anamkuta mwanawe kwenye mikono ya yule niliyemwambia ndiye mwizi. Mimi simlaumu. Nisikieni vizuri, simlaumu kabisa.

Mpaka nimemwaga choroko, nimetafuta kanga, nimefika, watu walishajaa. Bodaboda wa pale kona, wapangaji wangu, wapita njia, mtu na tofali lake. Jamaa wa vipuri kamkunja Renatus shati shingoni. Renatus alikuwa ameshamtua mtoto chini, kainua mikono yote miwili, anajaribu kueleza, na Kiswahili chake kinamkwama kwa hofu.

Aliponiona, uso wake ulifunguka! Alitabasamu, jamani. Alidhani amepona.

"Mama, waambie! Si wewe umeniambia nimrete?"

Jamaa wa vipuri naye akanigeukia. "Mama, si ndiye huyu uliyetuambia?"

Wakashusha mikono kidogo. Wote wananitazama mimi.

Nilikuwa na nafasi. Ilikuwa fupi, lakini ilikuwepo. Ningesema, mwacheni, mimi ndiye niliyemtuma, kamwokoa mtoto. Lakini ningesema hivyo, ningeulizwa, na yale uliyotuambia? Nikawaza wapangaji wangu wanavyonitazama. Nikawaza nyumba tupu. Nikawaza aibu, mbele ya bodaboda, mbele ya vijana wa kuwazaa.

"Ndiye," nikasema.

Neno moja. Sikuongeza.

Polisi nilikuja kuwaambia kwamba nilisema "ndiye, lakini mwacheni." Dada yangu nilimwambia hivyohivyo, na wanangu. Nilirudia mpaka nikaanza kuamini nilisema. Leo nawaambia ninyi msionijua: hilo la "lakini mwacheni" sikulisema. Nilisema ndiye, nikanyamaza.

Tofali la kwanza lilimpata kwenye sikio. Mengine sitayaandika, nimejaribu na mkono unakataa. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wangu mwenyewe, nikajifunika kanga usoni, na kwa sauti nilijua lini amenyamaza. Gari la polisi lilipofika alikuwa bado anapumua. Hospitali hakufika hai.

Walikamatwa vijana wawili watatu wa bodaboda, wakaachiwa, kila shahidi anasema alifika baadaye. Mimi nilihojiwa niliona nini. Niliyoyasema kabla ya siku ile hakuna aliyeyauliza, na mimi sikuyatoa.

Sekela alijifungia ndani siku nzima. Kesho yake akaja barazani kwangu, mtoto kamshika mkono. Macho yamevimba.

"Mama, mtoto anasema anko alimtoa kwenye maji."

Nikavuta kanga kichwani.

"Yule kaka aliiba nini?"

"Nini?"

"Nakuuliza, aliiba nini? Kwa nani? Uliniambia ni mwizi. Niambie kitu kimoja tu alichoiba, nikitaje ninapoomba, nipate kupumua."

Nilifungua mdomo, wenzangu. Nikatafuta. Sikuwa na kitu cha kutaja, hata kuku, hata kijiko! Alinitazama mpaka akaelewa, na nilimwona akielewa. Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana. Aligeuka, akaanza kufunga vitu, na mume wake akaja kumchukua. Nasikia hafundishi tena, akisikia watoto wanapiga kelele uwanjani anatetemeka.

Na wizi? Haukukoma! Kaburi la Renatus hata halijakauka, wakavunja dirisha la apatimenti ya tatu na kwa jirani pia.

Nilishindwa kula. Nikisimama kuswali, nikifika kusujudu, nasikia "mama, waambie." Mwishowe nikabeba mchele na sukari, nikapanda basi kwenda Ulyankulu. Sikujua nakwenda kusema nini. Labda nilitaka tu kutoa rambirambi nijisikie mtu.

Mama yake nilimkuta anaanika mihogo, mwanamke mwembamba wa rika langu, rozari shingoni. Nilipojitambulisha alishika mikono yangu yote miwili.

"Wewe ndiye mama wa apatimenti? Karibu, karibu sana! Alikuwa anakutaja. Alisema huko kuna mama mmoja anamwitikia salamu vizuri."

Akanikalisha kwenye kiti pekee chenye mgongo. Akapika ugali na maharage, akaninawisha mikono. Mimi! Akakaa mkekani mbele yangu, akasubiri nianze kula, ndipo akauliza.

"Mama, wewe uliishi naye jirani. Hapa watu wanasema mengi, hata kanisani wananitazama. Mimi ni mama yake, naweza kupofuka. Nakuomba uniambie. Mwanangu alikuwa mwizi?"

Tonge lilikuwa mkononi.

"Hapana," nikasema. "Hakuwahi kuiba. Ni mimi niliyewaambia watu hivyo. Niliwaambia ili wapange nyumba zangu. Na siku ile walinipa nafasi ya kumtetea, nikasema ndiye."

Nilisema yote. Shimo la maji, choroko, yote.

Hakupiga kelele. Alikuwa anaitazama ile mihogo juani, kama anahesabu kama itakauka. Kuku akapanda juu ya mkeka, hakumfukuza. Nikapiga magoti, nikaanza kuomba msamaha, akanyoosha kiganja kunizuia.

"Kula umalize," akasema. "Basi la kurudi halichelewi. Na usirudi tena hapa."

Nikala. Sikuthubutu kuacha. Naye amekaa palepale hadi sahani ikawa nyeupe, akaichukua, akaingia ndani, akafunga mlango.

Niliporudi niliwaita wapangaji waliobaki uani, mchana kweupe, nikawaambia kama nilivyomwambia yule mama. Mmoja aliniita muuaji, akatema mate chini. Jamaa wa vipuri aliitazama mikono yake. Halafu akauliza polepole, kama mtoto:

"Kwa hiyo mimi nimepiga mtu aliyeokoa mtoto?"

Akakaa chini, palepale kwenye vumbi, na suruali yake ya kazini. Wenzake walikuja kumwinua, akawa mzito, hainuki. Wiki ile akahama. Wote wakahama.

Kituoni nilikwenda pia, nikabadilisha maelezo yangu. Yameandikwa, nimeweka sahihi, nimeambiwa nitaitwa. Nangoja. Mwanangu mkubwa, tangu asikie, hanipigii simu. Mtaani naamkiwa kwa sababu ya umri tu. Na lile pagala lipo mbele ya geti langu, mlinzi hakupatikana mwingine, mabati aliyoezekea Renatus yanapiga kelele upepo ukivuma.

Sasa nisikilizeni, mlio na nyumba za kupangisha, na ninyi madalali wenye maneno matamu. Mtu akikuuliza habari za wizi, mwambie kilichoibiwa na kilipoibiwa. Mwambie dirisha lipi halina nondo. Mwambie komeo lako ni bovu, kisha ulitengeneze! Kama mwizi humjui, sema simjui. Usinyooshe kidole kwa mtu ili mwenzio apate usingizi. Hujui siku atakayokutana naye, wala atakuwa amembeba nani.

Na ninyi mnaotafuta nyumba, mna haki ya kuuliza, ulizeni sana. Ila mkionyeshwa mtu mkaambiwa ndiye huyo, msishushe pumzi haraka. Ulizeni kaiba nini, kwa nani, na nani aliona kwa macho yake.

Swali hilo Sekela aliniuliza Renatus akiwa mochwari. Laiti ningeulizwa siku ile ya kwanza mlangoni! Ningekosa jibu, ningeona haya, yeye angeondoka zake na mtoto wake ubavuni, na nyumba yangu ingebaki tupu.

Ingebaki tupu tu. Basi, hakuna kingine kingetokea.